Nani Alipanda Muti Hii

Utomvu wa mti ule hautoki kwenye nguo. Ukikata tawi, unachuruzika rangi ya chungwa lililoiva, hewa ikiupiga unazidi kuwa mwekundu, na ukidondokea blauzi, basi blauzi hiyo umeshaigeuza tambara la jikoni. Juzi asubuhi nilikata tawi lililokuwa linagonga bati la choo. Pigo moja tu la panga na ile harufu ikanijaa puani, ubichi wenye uchungu ndani yake, nami nikaliweka panga chini. Mimi ni mtu mzima, nimezaa watoto watatu, nimemzika mama yangu bila kuyumba, lakini kazi ilinishinda, nikakaa kwenye jiwe la kufulia. Wiki mbili kabla ya hapo nilipigiwa simu kutoka Basoko kuambiwa kwamba Tonton Maurice amefariki. Siku ya simu sikulia. Nililia juzi, kwa ajili ya tawi.

Ninyi mliokulia Kisangani miaka yangu mnakumbuka jinsi viwanja vyetu vilivyokuwa. Mwembe mmoja, mparachichi mmoja, migomba nyuma ya choo, mistari ya muhogo wa majani ya pondu, na uwanja uliofagiliwa mpaka udongo ukang'aa. Mama mwenye heshima alijulikana kwa ufagio wake. Kwetu Mangobo, upande wa kushoto wa nyumba, hakukuwa na kufagia. Kulikuwa na pori. Pori lililopandwa kwa makusudi, tena na mtu mzima mwenye akili zake timamu, na hilo ndilo majirani walilokataa kumsamehe Tonton Maurice.

Alikuwa mdogo wake mama, tumbo moja, na alikaa nasi kwa sababu baba yangu alikwenda kuchimba almasi Bafwasende akapata mke badala ya almasi. Ujana wake tonton aliumalizia msituni akitega kasuku. Aliwategea gundi kwenye matawi, akawakata mbawa kwa mkasi, akawashindilia kwenye vikapu kwa ajili ya wafanyabiashara. Safari moja kikapu kizima kilifika bandarini kikiwa kimya. Hakuwahi kusema zaidi ya hapo, ila aliacha kazi ile, akaenda kubeba mizigo ya watafiti wanaoingia msituni kuokota majani na kuyakausha. Kwa hao alijifunza kichaka gani kinazaa tunda gani, na ndege gani analipenda. Kila akirudi alikuja na miche ndani ya makopo ya maziwa. Wenzake wangeleta nyama ya porini. Yeye alileta vichaka vya matunda madogo madogo, mekundu, meusi, ya zambarau, ambayo hayauziki sokoni kwa bei yoyote.

"Bandege bakishiba huku, habatagusa papai yenu," aliwaambia majirani. Ulikuwa uongo nusu. Walikula huku, kisha wakaenda kumalizia papai.

Kulikuwa na kimti kimoja kifupi chenye tunda jekundu la ukubwa wa njugu. Ukilitafuna kisha ukanyonya limau, limau linakuwa tamu. Tonton aliwahonga watoto wa avenue, barabara yetu, kwa tunda hilo ili wasivunje matawi, na mimi nilikuwa mgawaji mkuu, kila mtoto moja, adui zangu hawapati. Chini kabisa yalitambaa matondolo, matunda ya porini yenye maganda mekundu. Vichaka vingine sikuwahi kujua majina yake. Tonton aliyataja kwa Kilatini alichokisikia kwa watafiti, na nadhani nusu alikuwa anabuni.

Nimesikia watu wakisimulia bustani ya ndege kana kwamba ni mbinguni. Kwetu ilikuwa vita. Shore walipigania shada moja mpaka manyoya yakaanguka. Mwewe alishuka mchana kweupe, akanyakua, akaondoka, na ungesikia kilio kikipungua angani. Nilimwona nyoka wa kijani akimeza vifaranga vya mnana kimoja baada ya kingine huku mama yao akimdonoa kichwani bila faida. Nilichutama pale, nikatazama mpaka mwisho. Tonton aliniuliza kama ninaogopa, nikasema hapana, na ilikuwa kweli. Nilipenda. Sioni haya kusema kwamba nilipenda.

Kati ya vichaka vyote palikuwa na mti mmoja ambao tonton hakuuleta. Uliota kwenye mpaka, kati yetu na Papa Gaby, jirani yetu muuza mbao. Misimu michache tu ukapita paa la nyumba. Ulizaa vijitunda vidogo kuliko pilipili manga, mashada kwa mashada, na ndege waliuvamia tangu alfajiri. Ukiukwaruza gamba kwa ukucha ulitoa ule utomvu. Sisi tuliuita muti ya damu.

Nilimwuliza tonton nani aliupanda.

"Ndege."

Nikafikiri anasema zile zinazotua kiwanjani Bangboka. Nilijua zinaleta chumvi, sabuni na askari, sikujua kwamba zinaleta na miti. Kwa siku kadhaa, kila nikisikia ngurumo ya ndege ya mizigo juu ya nyumba, niliingia chini ya kitanda nisije nikaangukiwa na mti kichwani. Mama alidhani nina homa. Tonton alipogundua alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanishika mkono akanipeleka chini ya muti ya damu, akanionyesha jani lenye mavi meupe ya ndege, na ndani ya mavi mbegu nyeusi.

"Unaona, Bijou? Ndege inakula huku, inaenda kunya kule. Kule muti inaota. Hivi vidogo vyote ni miye njo nilipanda. Lakini hii kubwa, ni ndege njo ilipanda. Ndege inanishinda kazi."

Mtoto wa miaka saba huwezi kumpa habari tamu kuliko hiyo. Niliitangazia avenue nzima kwamba mti wetu mkubwa umetokana na mavi. Mama aliona aibu kwenda kisimani.

Lakini nisimchore tonton kama malaika. Alikuwa na mkono mwepesi. Papa Gaby alikuwa na wana wawili, Trésor, mkubwa, karibu mwanaume kamili, na Junior, aliyekuwa na miaka kama kumi na tano. Siku moja Junior alipanga matofali upande wao, akalenga kwa manati, akampiga shore aliyekuwa amelalia mayai. Tonton aliruka mpaka, akamkamata, akamnyang'anya manati, akamchapa kwa mpira wa manati hiyohiyo usoni mpaka mdomo ukapasuka. Kisha akamshikisha yule ndege aliyekufa, mbele ya watu wote.

"Kamata. Angalia yeye kwa macho. Angalia!"

Junior alilia, kamasi na damu vikichanganyika. Mimi nilipiga makofi. Nakumbuka vizuri kwamba aliponyanyua uso hakumtazama tonton, alinitazama mimi.

Mwaka uleule Papa Gaby alitaka kipande cha ardhi kwenye mpaka, upana wa hatua tatu, aweke mbao zake. Alisema mpaka unapita upande wetu wa muti ya damu. Sisi tulisema unapita upande wao. Karatasi hakuna aliyekuwa nayo. Babu yangu alipewa kiwanja kwa maneno ya mdomo, na wao vilevile. Kesi ikaenda kwa chef wa quartier, mkuu wa mtaa, mwanaume mnene aliyetembea na filimbi shingoni kama refa. Alikuja, akapima kwa miguu, akauzunguka mti mara mbili, akatoa sheria yake.

"Kama mutu alipanda hii muti, udongo ni yake. Kama hapana mutu alipanda, basi ni pori, na pori ni ya Leta, ya serikali. Donc miye njo nitaamua. Nitarudia Alhamisi. Na nitauliza batoto, juu batoto habajajua politique."

Ndivyo alivyokuwa akifanya kesi zote za viwanja. Wakubwa aliwaacha waseme mpaka wachoke, halafu anamwita mtoto mdogo kuliko wote wa nyumba, anamwuliza swali moja. Avenue nzima ilijua. Na mtoto mdogo kuliko wote wa nyumba yetu nilikuwa mimi, tena wa pekee, tena niliyekwisha kuwatangazia watu habari ya mavi.

Jioni hiyo, kabla ya chakula, mama aliniweka katikati ya nyumba.

"Bijou, chef akikuuliza, nani alipanda muti hii, utajibu nini?"

"Ndege."

Kofi lilikuja kabla sijafunga mdomo. Mama hakuwa mtu wa kupiga, ndiyo maana lilinishangaza zaidi ya kuniuma. Nikamgeukia tonton anitetee, kwani ni yeye aliyenifundisha. Tonton alikuwa anakwangua udongo kwenye kucha.

"Sema ni tonton njo alipanda," mama alisema.

"Lakini ni ndege!"

Kofi la pili. Hapo tonton akanivuta magotini kwake.

"Bijou, sikiliza. Ni juu ya siku moja tu. Bon. Bakikuuliza, unasema: ni Tonton Maurice njo alipanda, nilimuona na macho yangu. Kisha siku ile ikipita, utarudilia kusema kweli. Na useme kwa nguvu. Ukisema polepole, batafikiri unadanganya."

Wiki nzima tulifanya hivyo, asubuhi na jioni, kabla sijala. Nani alipanda muti hii? Ni Tonton Maurice njo alipanda, nilimuona na macho yangu. Mama alinivizia nikioga, nikifua, nikiwa usingizini nusu. Mwanzoni nilisema kwa kununa. Baadaye nikawa hodari. Nilisimama wima, mikono nyuma, kidevu juu, na mama akaniongezea lituma, zile ndizi za kupondwa, kwenye sahani. Nilikuwa mtoto mwenye kupenda sifa, kuliko kupenda ukweli, na lituma ya mama ilikuwa nzuri.

Jumanne, kabla jua halijapanda vizuri, tuliamshwa na panga. Papa Gaby alikuwa ameingia kwenye kipande kile akifyeka. Alikuwa amemaliza nusu ya mstari, na kile kimti cha kugeuza limau kilikwishalala chini. Alikuwa anaondoa ushahidi kabla ya Alhamisi, hilo nalijua leo. Wakati ule niliona viota chini, mayai yamemwagika, na vifaranga visivyo na manyoya vikipinduka kwenye majani huku buti zake zikipita juu yao. Ndege wazazi walikuwa wanapiga kelele ambayo sijaisikia tena.

Tonton alitoka na kaptura tu, mpini wa jembe mkononi. Pigo la kwanza lilimpata Papa Gaby begani na nilisikia mfupa ukilia. La pili kichwani. Papa Gaby alipiga magoti, na tonton alikuwa ameshanyanyua mpini kwa la tatu mama alipomrukia mgongoni.

"Utamuua, Maurice! Utamuua, tutaenda wapi?"

Papa Gaby alipakiwa kwenye toleka, baiskeli ya abiria, ameshika kichwa, wanawe wakikimbia pembeni mmoja huku mmoja huku. Mama alivaa kitenge chake kizuri akaenda mbio kwa chef kueleza upande wetu kwanza. Aliniachia pondu kwenye kinu nitwange. Tonton alibaki anaokota vifaranga vilivyo hai, anaviweka kwenye kopo la maziwa lenye pamba. Aliendelea kuvihesabu, na kila akihesabu vilikuwa vimepungua.

Mchana, jua likiwa wima, tulisikia lango la mbele. Hawakubisha. Tonton aliinua kichwa, akasikia sauti zao, akaniangalia, akaweka kidole mdomoni. Hakuwa na njia ya kupita isipokuwa juu. Muti ya damu ulikuwa na majani mazito, mtu akiwa ndani yake humwoni. Alikwea kwa miguu mitupu, haraka kuliko nilivyodhani mtu mzima anaweza, na shore wote waliokuwa juu wakatawanyika.

Trésor na Junior walikuja nyuma ya nyumba, kila mmoja na panga. Walikuwa wamekwisha kupindua kitanda chetu na sanduku la nguo.

"Iko wapi?" Junior aliniuliza.

"Nani?"

"Tonton yako!"

"Haiko. Aliendaka kwa chef na mama."

Nilisema hivyo bila kufundishwa. Nilidanganya vizuri, mchi mkononi, na sikupepesa jicho. Junior aliniamini kabisa; alikwisha geuka kuondoka. Mpaka leo najiambia kwamba alikwisha geuka.

Trésor ndiye aliyebaki. Alikuwa anatazama juu. Vile vijitunda vidogo vilikuwa bado vinadondoka, kimoja, viwili, kwenye udongo. Alitazama majani muda mrefu, hakuona kitu. Kisha akaja akachutama mbele yangu mpaka macho yake yakawa sawa na yangu. Alikuwa mpole. Hilo ndilo linaloniudhi, kwamba alikuwa mpole namna ile, panga limelala magotini.

"Bijou," alisema, "nani alipanda muti hii?"

Nilisikia furaha. Lazima niiseme kama ilivyokuwa. Swali la kwanza lilikuwa la hatari nami nimelivuka, na sasa limekuja swali langu, lile ninalolijua kuliko sala ya Baba Yetu, tena linaulizwa na mtu wa kwa Papa Gaby, ambaye ndiye hasa alipaswa kujibiwa. Niliuacha mchi. Nilisimama wima, mikono nyuma, kidevu juu.

"Ni Tonton Maurice njo alipanda! Nilimuona na macho yangu!"

Nilisema kwa nguvu, kama alivyotaka. Kisha nikangoja kusifiwa.

Junior alirudi. Alicheka kidogo, akatema mate mkononi, akaanza kukata. Mti ule ni laini, haukatai panga. Kila pigo utomvu uliruka, ukampiga usoni, kifuani, ukanipiga na mimi. Niliona utomvu ule mwekundu ukitoka kwenye shina nikaamini kwamba ni damu ya tonton inashuka ndani ya mti. Nilipiga kelele. Kutoka juu kwenye majani sauti ya tonton ikasema, "Bijou, kimbia!" na sikukimbia. Mti ulilia, ukainama, ukaangukia ukuta wa matofali wa Papa Gaby pamoja na tonton.

Alitoka kwenye matawi kwa magoti. Mguu mmoja haukumfuata. Alinyanyua mkono wa kulia, kiganja wazi, kama mtu anayesimamisha toleka. Junior alipiga mkono ule. Nilitegemea kelele kubwa, lakini kulikuwa na mlio mdogo tu, kama wa kukata mkono wa mgomba. Akapiga tena, pajani. Trésor ndiye aliyemvuta mdogo wake kwa nyuma akimwambia "Basi, basi, inatosha," na hapo ndipo wakaruka ukuta wakapotea. Panga la Junior lilibaki chini. Lilikuwa jekundu ncha mpaka mpini na sikuweza kujua ipi ya mti na ipi ya tonton.

Kuta zote zilikuwa na vichwa. Majirani waliona tangu mwanzo. Walikuja yalipokwisha, wakilia kwa sauti, na sijawapenda tena tangu siku hiyo, hata wale walionifuta uso.

Mama alifika na chef akipuliza filimbi yake bure. Alivua kitenge kizuri akafunga kile kilichobaki cha mkono, akabaki na nguo ya ndani katikati ya watu. Tonton aliwekwa kwenye toleka, mmoja anaendesha, wawili wanamshikilia. Alipopita mbele yangu macho yake yalikuwa wazi. Alinitazama, na mimi nikaangalia kinu.

Waliniuliza kilichotokea, sikujibu. Sikujibu siku hiyo, wala wiki hiyo, wala mwezi huo. Wakasema mtoto ameshtuka, wakaniombea kanisani, wakanipaka mafuta. Sikuwa nimeshtuka. Nilikuwa naogopa kuulizwa swali lolote.

Mpaka hapo bado sikuwa nimeelewa nilichofanya. Nilijua kwamba nimejibu na mabaya yakafuata, basi. Nilielewa shuleni. Mwalimu alisikia tawi la mwembe likivunjika, akatoka darasani na fimbo, akatupanga mstari chini ya mwembe, akauliza kwa ukali, "Nani alipanda muti hii?" Na hakuna mtoto hata mmoja aliyefikiria mbegu. Walinyoosheana vidole, huyu alipanda, na yule alipanda, mpaka juu kabisa. Mimi nilijikojolea. Mkojo ulijaa kiatu. Nyumbani kwetu neno hilo lilikuwa limepigiliwa upande mmoja tu, kwa makofi na kwa lituma, mpaka nikasahau kwamba lina upande mwingine, ule ambao watoto wote wa Kisangani wanautumia kila siku ya Mungu.

Na lile jibu la kwanza! Lile nililopigiwa kofi! Kama ningesema ndege, Trésor angefikiri kuna ndege ameparamia juu, vijitunda vinadondoka kwa sababu ya ndege, kama kila siku. Angesimama, angekung'uta magoti, wangekwenda zao. Ukweli ungemwokoa tonton bila hata kujua unamwokoa. Nilikuwa nao mdomoni. Wao wakautoa kwa makofi.

Alhamisi chef alikuja kama alivyoahidi. Hakuniita. Alitazama kisiki, akatazama udongo, akasema kipande ni chetu, akaondoka kabla hajapewa kiti. Wana wa Papa Gaby walivuka mto kwenda Lubunga na hawakurudi mpaka baba yao alipouza akahama. Mama hakukanyaga kipande kile tena. Hakufagia, hakupanda hata muhogo. Ndege walifanya walichotaka, na kufikia nilipoolewa palikuwa na pori kubwa kuliko lile la tonton, na kile kisiki kilikwisha chipua mashina matatu.

Tonton mwenyewe alikwenda Basoko kwa ndugu, kidonda kilipofunga. Nilimwona tena nikiwa mwanamke mzima. Nilipanda baleinière, boti ya mbao ya mtoni, siku mbili nikaketi juu ya magunia ya chumvi, nikirudia kichwani maneno yangu, kama zamani. Alikuwa amenenepa. Kwa mkono wa kushoto alikuwa anatia mche kwenye kopo, anaubana kopo kwa kigutu. Nilimwambia yote, swali na jibu. Nilidhani pengine hakusikia, kule juu.

"Nilisikia," alisema. "Ulisema kwa nguvu."

Nikalia. Aliniacha nilie, akamaliza kopo lake kwanza.

"Miaka mitatu nilikukasirikia, Bijou. Mutoto ya miaka saba! Nilikuwa nalala, nakuota, naamuka na hasira. Sikutaka mama yako akulete huku. Kisha siku moja nikajiuliza, mutoto alikosa wapi? Nikatafuta, nikatafuta. Nilikufundisha neno, na weye ulisema vile nilikufundisha, hata moja hukuacha. Alors, nikasikia haya. Haya njo ilinizuia kuandika barua."

Hakusema amenisamehe na sikumwuliza. Alinipa kopo lenye mche wa kile kimti kifupi, kwa ajili ya watoto na malimau. Hatukuonana tena.

Kimti hicho kipo kwangu, Kabondo, karibu na mlango. Muti ya damu sikuuleta. Uliota wenyewe nyuma ya choo mwaka wa tatu baada ya kupanda kimti hicho, na mume wangu alipotaka kuung'oa nilimwambia atang'oa na mimi. Huo ndio nilioukata tawi juzi.

Nilikuwa bado nimekaa kwenye jiwe la kufulia, uso umenivimba, Mama Rehema alipochungulia juu ya ukuta. Ni jirani mwema, mtu wa Kindu, ila ana ulimi, na fimbo anayo kwa watoto wote, wake na wa wengine. Alikuwa ameanika mashuka, na vijitunda vilikuwa vinayadondokea. Alitazama juu. Matawi yalikuwa yanatikisika. Binti yangu mdogo, mwenye miaka saba, alikuwa amenyamaza mno tangu asubuhi, na ndala zake zilikuwa chini ya mti, moja imepinduka.

"Mama Grâce!" Mama Rehema aliniita. "Nani alipanda muti hii?"

Nilisimama bila kujua kwamba nimesimama.

"Ndege!" nilipiga kelele. "Ni ndege!"

Mama Rehema aliziangalia zile ndala, akaniangalia mimi na utomvu wangu mikononi, akaangalia uso wangu. Kisha akaanza kuanua mashuka yake, moja moja.